Tupeane uzoefu: duka la bila ushuru uwanja wa ndege linaokoa hela kweli?

NjiapandaYaKIA

Wakuu wa Arusha na Moshi, ndugu akisema anasafiri tu, oda zinamiminika: wiski, pafyumu, chokoleti, simu. Hoja ni ileile, kwamba kule hakuna ushuru kwa hiyo lazima iwe bei rahisi. Mnaozijua hesabu za haya maduka, tuwekeeni vitu vinavyopimika: kodi gani inaondoka, bidhaa gani ina unafuu, forodha wanaruhusu kiasi gani, na mzigo unapotelea wapi njiani.

MhasibuSakina

Bei ya mjini kwa bidhaa iliyotoka nje imebeba kodi tatu: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kwa vitu kama pombe na sigara, halafu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) juu ya vyote. Duka la bila ushuru linaziondoa hizo. Haliondoi faida ya mwenye duka wala pango, na pango la uwanja wa ndege ni zito, maana maduka mengi hulipa uwanja asilimia ya kila mauzo. Kwa hiyo kodi iliyoondoka huwa wanagawana: sehemu inakuja kwako, sehemu inabaki dukani. Wewe kazi yako ni kujua iliyokuja kwako ni kiasi gani.

Watu wengi hukosea hesabu ya VAT. Wanasikia asilimia 18, wanategemea bei ishuke asilimia 18. Kitu cha shilingi 118,000 chenye VAT ndani, kodi yake ni 18,000. Gawanya kwa 118,000 unapata asilimia 15 na kidogo. Huo ndio mwisho wa unafuu wa VAT peke yake, hata duka likiwa na roho nzuri namna gani. Mwenye duka akiongeza asilimia 18 juu ya bei isiyo na kodi kufidia pango, unafuu wote umekwisha.

Ndiyo maana chokoleti, miwani ya jua, mikoba na nguo hazina maana kule. Kodi yake ni ndogo, pango linaimeza yote.

Mama_Wiski_na_Vinywaji

Kaka Mhasibu umeanza vizuri, niongezee upande wa pombe kali maana ndiko kwenye unafuu wa kweli.

Ushuru wa bidhaa kwa pombe kali hapa Tanzania hutozwa kwa lita, hautozwi kwa thamani. Maana yake chupa ya bei ya chini na chupa ya kifahari, zikiwa na ujazo mmoja, zinalipa ushuru ule ule wa bidhaa. Chukua namba za mfano tu: ushuru uwe 5,000 kwa lita, chupa ya mililita 750 inabeba 3,750. Kwenye chupa ya 20,000 kabla ya kodi, hiyo ni karibu asilimia 19. Kwenye chupa ya 200,000 haifiki asilimia 2. Kwa hiyo ukiangalia kodi hii peke yake, unafuu kwa asilimia ni mkubwa kwenye wiski ya kawaida kuliko ile ya kwenye boksi la mbao. Watu hufanya kinyume: wanapita chupa za kawaida wanakwenda kwenye boksi.

Pili, ujazo. Mjini chupa ni 750, Ulaya nyingi ni 700, uwanja wa ndege wanapenda kuuza lita moja. Usilinganishe chupa kwa chupa. Gawanya bei kwa ujazo upate bei ya mililita 100. Mfano: lita moja kwa dola 30, dola tuiweke 2,600, ni 78,000, yaani 7,800 kwa kila mililita 100. Mjini 750 kwa 66,000 ni 8,800. Unafuu ni shilingi 10,000 kwa lita nzima. Hapo umeokoa, ila si ile nusu bei inayosemwa vijiweni.

MhasibuSakina

Dada, na hiyo 10,000 ngoja kwanza ipite benki. Ukilipa kwa kadi ya akaunti ya shilingi, benki inakubadilishia kwa bei yake ya kuuza dola, na nyingi huweka ada ya muamala wa nje. Vyote viwili vikifika asilimia 4, ile 78,000 imekuwa 81,120. Unafuu umebaki 6,880.

Kuna mtego mwingine pale kwenye mashine ya kadi. Inauliza ulipie kwa fedha ya pale au ya kwenu. Ukichagua ya kwenu, anayebadilisha ni kampuni ya mashine, na bei yake huwa mbaya kuliko ya benki yako. Chagua fedha ya nchi uliyopo.

ForodhaKwaForodha

Sasa viwango vya kuingia nyumbani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, jedwali la tano, inampa msafiri mwenye miaka 18 na kuendelea:

pombe kali lita 1 *au* mvinyo lita 2, hiyo "au" isomeni vizuri, si vyote viwili;
pafyumu na maji ya manukato jumla nusu lita, na ndani yake pafyumu yenyewe isizidi robo lita;
sigara na tumbaku za aina zote jumla gramu 250.

Kwa vitendo: chupa moja ya lita imemaliza haki yako ya pombe. Pafyumu mbili za mililita 100 na moja ya 50, umefika ukingoni. Katoni moja ya sigara 200 inapita, ya pili haipiti. Mtoto wa miaka 12 mliyesafiri naye hana haki ya chupa, msimbebeshe.

Ukizidisha, tamka. Unalipia kilichozidi, basi. Ila ujue kilicholipiwa kodi KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, hakina tena jina la bila ushuru. Chupa tatu za "unafuu" zinaweza kukutoka kwa bei ya juu kuliko ya dukani Kaloleni.

Kwa wanaopeleka zawadi nje: Umoja wa Ulaya unaruhusu sigara 200, pombe kali lita 1 na mvinyo lita 4. Uingereza pombe kali ni lita 4. Nchi nyingine angalieni kabla, nyingine haziruhusu pombe kabisa.

Binti_Shanty

Asante mkuu. Swali: ndege ya KIA kwenda Amsterdam halafu Ujerumani, chupa inanunuliwa wapi? Na Dar je?

RampuMpakaGeti

Binti Shanty, hapo ndipo chupa nyingi zinapotelea.

Kanuni ya vimiminika ni mililita 100 kwa chombo kwenye begi la mkononi. Chupa ya duka la bila ushuru inapita kwa sababu moja: iko ndani ya mfuko maalumu uliofungwa, wenye ukingo mwekundu, na risiti inaonekana ndani. Mfuko ukifunguliwa, hata kwa kutaka kumwonyesha mwenzako, ukaguzi unaofuata wanaichukua. Risiti ikiwa mfukoni kwako badala ya ndani ya mfuko, shida ni ile ile. Mwambie muuzaji aifunge mbele yako, hakikisha tarehe ya leo inasomeka.

Kwa hiyo nunua uwanja wa *mwisho* kabla ya kwenu, baada ya ukaguzi wa mwisho. Anayerudi kupitia Doha, Addis au Istanbul anunue huko, asinunue alikoanzia.

Kwa safari yako: ukinunua KIA, mfuko utapita ukaguzi mwingine Amsterdam, basi ufunge barabara. Ukinunua Amsterdam kwa tiketi ya kwenda Ujerumani, pombe utauziwa bei yenye kodi. Mashine inasoma pasi yako ya kupandia ndege, na mauzo ya bila ushuru kati ya nchi za Umoja wa Ulaya yalifutwa tangu Julai 1999. Ukiwa unarudi KIA, pasi ya safari hiyo inakupa bei isiyo na kodi.

Anayeshukia Dar kisha akapanda ndege ya ndani kuja KIA au Kisongo (uwanja wa Arusha): mizigo unaichukua Dar, unapita forodha Dar. Kabla ya kukabidhi begi kwa safari ya ndani, toa chupa mkononi uiweke kwenye begi la chini. Katikati ya begi, ndani ya jinzi au sweta, mbali na magurudumu. Lita moja na kioo chake ni kama kilo moja na nusu, kwa hiyo acha nafasi kwenye kilo unazoruhusiwa.

Na mnaotoka hapa: asali, chachandu na siagi ya karanga ni vimiminika kwa macho ya ukaguzi. Vipeleke chini.

MhasibuSakina

Kuna njia nyingine watu wanaichanganya na hii: kurudishiwa VAT ya vitu ulivyonunua mjini Ulaya. Kwa kitu cha bei kubwa mara nyingi inashinda duka la uwanjani, kwa sababu unanunua kwa bei ya ushindani. Uholanzi kiwango cha chini ni euro 50, Ufaransa ni zaidi ya euro 100. Unaomba fomu dukani kwa pasipoti, bidhaa haijatumika, unagongewa muhuri na forodha kwenye kituo cha mwisho cha kutoka Umoja wa Ulaya. Wakitaka kuiona ikiwa imeshaingia begi la chini, umekwama, basi nenda forodha kwanza, kukabidhi begi baadaye. VAT ya Uholanzi ni asilimia 21, lakini ndani ya bei ni 17 na kidogo, na kampuni ya kurudisha inakata chake. Uingereza walifuta utaratibu huu kwa wageni wanaobeba wenyewe, tangu Januari 2021.

FundiSimuClockTower

Simu: Dubai VAT ni asilimia 5 tu, kwa hiyo kinachoondoka ni kidogo tangu mwanzo. Angalieni dhamana kama inafanya kazi hapa, na plagi kama ni ya miguu mitatu bapa. iPhone za soko la Marekani kuanzia 14 hazina tundu la laini. Anayekuagizia lazima ajue kama mtandao wake unatoa laini ya ndani ya simu (eSIM).

Mangi_wa_Kahawa

Wageni mnaowapeleka KIA, kahawa wanunulie Moshi mjini. Ni zao la hapa, halina ushuru wa forodha wa kukwepa, kwa hiyo uwanjani hakuna kodi kubwa ya kuondoa, kuna pango tu la kulipia. Chagueni pakiti yenye tarehe ya kukaangwa na kitundu cha kutolea hewa. Kama mgeni hana kinu, iwe iliyosagwa.

Binti_Shanty

Nimeelewa. Na ule mfuko wa chupa, ukipitia Nairobi ukatoka kwenda mjini?

RampuMpakaGeti

Ule wa plastiki unaacha uwanjani kabla ya kutoka, Kenya walipiga marufuku tangu 2017. Tanzania nayo tangu Juni 2019. Beba mfuko wa kitambaa uhamishie chupa humo. Ila kama Nairobi unaunganisha tu bila kutoka nje, usiuguse.