Kesi imerudishwa chini ikasikilizwe, mjomba anaweza kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani sasa hivi?

kijana_wa_pwani: Wakuu naombeni msaada, mjomba wangu yuko Minnesota, kashtakiwa kwa maneno aliyoandika Facebook, akajitetea kwa uhuru wa kusema wa katiba ya Marekani. Mahakama kubwa kabisa ya jimbo imemkatalia, imerudisha faili chini kesi ikasikilizwe. Hiyo inahesabika hukumu ya mwisho au bado?

mzee_wa_faili: Pole sana. Sheria yao, kifungu cha 1257, inataka hukumu ya mwisho kutoka mahakama ya juu kabisa uliyoweza kuifikia jimboni, na sio lazima iwe ile kubwa. Kuna jamaa anaitwa Thompson alikamatwa kwenye mgahawa Louisville mwaka 1959, alikuwa anachezesha tu miguu kufuata muziki, akapigwa faini dola 10 kwa kila kosa, makosa mawili. Faini ndogo kama hiyo Kentucky haikuwa na pa kukatia rufaa, basi akatoka mahakama ya polisi moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, Washington, na 1960 akashinda, majaji wote upande wake. Huwa inanigusa sana hii kesi.

mama_sheria: Huyo kesi yake ilikuwa imeisha, ya mjomba bado. Someni kesi ya Cox ya Georgia, 1975. Kituo cha TV kilitangaza jina la binti aliyebakwa akafariki, baba yake akashtaki, mahakama ya jimbo ikakataa utetezi wa uhuru wa habari ikarudisha kesi chini, yaani kama yenu kabisa. Washington wakaipokea, maana hoja ya katiba ilishaamuliwa jimboni na kituo kikishinda hapo kesi nzima inakufa.

mzee_wa_faili: Kweli dada, ila asiwe na uhakika sana. Kesi ya Jefferson ya Alabama 1997 ilitupwa Washington kwa sababu madai mengine yalikuwa bado yako mahakama ya chini. Na hata ikifaa, majaji wa Washington wanachagua wenyewe kesi za kusikiliza. Akikataliwa sasa anaweza kuirudisha hoja hiyohiyo kesi ikiisha.

kijana_wa_pwani: Asanteni mno. Uamuzi umetoka siku 35 zilizopita.

mama_sheria: Muda wa kuomba Washington ni siku 90, mmebakiwa na 55. Mdogo wangu, kesho asubuhi mjomba aongee na wakili wake, asingoje wiki ijayo.