Pembeni mwa kabati za jikoni panapoonekana: paneli nzima, ubao mwembamba, fomaika au rangi tu?

Mpenda_Jiko
Wakuu habari zenu. Niko hatua ya kuagiza kabati za jikoni na nimekwama hapa kwenye mbavu za kabati. Boksi ni za melamini nyeupe (ubao wa chembe za mbao wenye uso laini wa plastiki), zile zisizo na fremu kwa mbele, milango ni bapa ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) itakayopulizwa kijani cha giza. Kuna sehemu tatu zitaonekana kwa pembeni: mwisho wa kabati za chini unapoingia tu jikoni, ubavu wa kabati la juu karibu na dirisha, na upande wa friji. Fundi kanitajia njia nne na zote anazisifia, paneli nene ya rangi ya milango, ubao mwembamba wa kubandika, fomaika (ile karatasi ngumu ya plastiki ya kubandika kwa gundi), au apake rangi juu ya hiyo hiyo melamini. Mimi sitaki kuona weupe wa boksi basi. Mnashauri nini na kwa nini?

Randa_na_Msasa
Dada chukua paneli nene, milimita 18 kama milango, na iagizwe pamoja na milango ipulizwe siku hiyo hiyo kwa rangi ya kopo moja. Sababu yangu ni hii, kabati lisilo na fremu ukilitazama kwa ubavu unaona boksi, halafu kauwazi kadogo ka vile vipira vya kuzuia mlango usigonge boksi, halafu unene wa mlango wenyewe. Ubao mwembamba kwa kawaida unafunika boksi tu, ule mstari mweupe wa ukingo na ule uwazi vinabaki vinakutazama kila siku. Paneli nene inasogea mbele hadi ilingane na uso wa mlango, mlango unakaa ndani ya paneli na pembeni panakuwa kitu kimoja.

Hesabu yake: boksi la chini kina milimita 560, vile vipira kama 2, mlango 18, hapo ni 580. Lakini usikate 580, agiza 600 ili fundi awe na nyama ya kuchonga nyuma kufuata ukuta maana ukuta ulionyooka kabisa ni nadra.

Kingo_Safi
Nakubaliana na Randa kwa kabati za chini ila kwa lile la juu karibu na dirisha sikubali moja kwa moja. Pima kwanza nafasi kati ya boksi na fremu ya dirisha. Milimita 18 inaweza kula ile nafasi yote paneli ikaenda kugusana na fremu ya dirisha, na hapo ndipo ubao mwembamba wa milimita 4 hadi 6 unapokuwa na kazi yake. Halafu kabati zenye fremu mbele ni habari nyingine kabisa, kule fremu inazidi boksi kwa pembeni kama milimita 6 hivi na ubao mwembamba unaingia pale unakaa sawa na fremu, kule ndio njia yenyewe wala si njia ya kubana matumizi. Kwa hiyo watu wasiseme ubao mwembamba ni mbovu, waulize kwanza kabati ni la aina gani.

Mpenda_Jiko
Asante sana Kingo, hiyo ya dirisha nitapima. Na rangi je? Maana fundi anasema ndio rahisi kuliko zote.

Brashi_Mbili
Mimi ndio kazi yangu rangi kwa hiyo nitasema ukweli. Melamini inapakika, lakini uso wake ni laini haushiki kitu, lazima uoshe mafuta yote, upige msasa wa 220 hadi ule mng'ao ufe, ufute vumbi, upake praima ya kushikia kwenye nyuso laini, ukauke vizuri ndio rangi. Ukiruka praima rangi inatoka kwa kucha. Hata ukifanya vyote hivyo, pale mlangoni ambapo watu wanapita na ndoo na viti na watoto, kona itabanduka na chini yake kuna nyeupe, kwenye kijani cha giza doa jeupe linaonekana kutoka mbali. Na kingine, milango yako imepulizwa, ubavu ukipakwa kwa rola utakuwa na chunjuachunjua ndogo na mng'ao tofauti hata kama namba ya rangi ni moja. Sehemu ya juu isiyoguswa sawa, pale pa kupita hapana.

Fomaika_Daima
Mbona fomaika mnairuka? Kwa kukwaruzwa na maji hakuna rangi inayoifikia. Gundi yake ni ile ya kupaka pande zote mbili, unaacha ikauke hadi kidole hakinati ndio unabandika, na ikigusana imegusana hairudi nyuma, ndio maana tunaweka vijiti katikati tunavitoa kimoja kimoja huku tunaikandamiza. Nakiri kitu kimoja tu, kupata fomaika inayofanana sawasawa na kijani kilichochanganywa ni shida, na fomaika nyingi kwenye kona zinaonyesha ule mstari mweusi wa unene wake. Ila kama dada angependa mbavu ziwe za rangi ya mbao makusudi, milango kijani, hapo fomaika inapendeza sana. Tofauti kubwa inaonekana ni uamuzi, tofauti ndogo inaonekana ni kosa.

Randa_na_Msasa
Hilo la mwisho nalitia saini Fomaika. Dada swali moja, ule mwisho wa kabati za chini unapoingia, boksi la mwisho ni la nini? Droo, kabati, au kuna mashine?

Mpenda_Jiko
Pale mwisho itakaa mashine ya kuosha vyombo, bomba liko karibu.

Randa_na_Msasa
Basi pale mjadala umeisha. Mashine haina ubavu wa kabati, hakuna cha kubandikia ubao mwembamba wala fomaika wala cha kupaka rangi. Paneli pale ndio inabeba kaunta. Lazima iwe nene, ishuke hadi sakafuni, ifungwe kwa vyuma vya pembe ukutani na sakafuni, na juu ishikane na kaunta. Ukingo wa chini wa MDF upakwe praima na rangi kama pande zingine, uinuliwe milimita 2 au 3 kutoka sakafuni kisha pazibwe kwa silikoni, kwa sababu MDF ikinywa maji ya kudekia inavimba na ikivimba hairudi.

Kingo_Safi
Upande wa friji nao fanya paneli nene, ndefu hadi usawa wa juu wa kabati. Hakikisha friji inabaki na nafasi ya kupumua kama kitabu chake kinavyoelekeza na mlango wake unafunguka vizuri, kuna friji ambazo droo za ndani hazitoki mlango usipofunguka zaidi ya nyuzi 90. Paneli inapogusana na boksi funga skrubu kutokea ndani ya boksi, boksi 18 na paneli 18 jumla 36, tumia skrubu ya 30 isitokeze nje, na toboa kwanza kwa keekee.

Mpenda_Jiko
Nimeelewa, chini na friji paneli nene, dirishani napima kwanza. Je kaunta ipimwe kabla au baada ya paneli kufungwa?

Randa_na_Msasa
Baada, tena hasa kama ni ya jiwe. Paneli inaongeza 18 kwenye urefu wa kabati, na kaunta inatakiwa izidi paneli kidogo kwa pembeni ili maji yadondokee sakafuni yasitiririke kwenye rangi. Mwambie fundi wa jiwe asije na futi yake hadi paneli ya mashine imesimama na imepigwa timazi.