Nesi wa Malindi nimekwama Ujerumani, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Malindi. Mimi ni nesi, niko Bavaria, diploma yangu bado haijatambuliwa na wanataka Kijerumani cha B2 pia (kiwango cha nne kati ya sita), kwa hivyo kwa sasa ni msaidizi tu nyumba ya wazee, nalisha, nabadilisha mashuka, sindano hata kuishika siruhusiwi. Darasa naenda jioni, kwenye basi nasikiliza odio za mtihani, lakini wazee wenyewe wanaongea lahaja yao naambulia patupu (na Kitaliano cha watalii wa bichi ya Malindi huku hakina kazi!). Mamangu akipiga simu namwambia mambo shwari. Mliopitia njia hii, nihamie mji mkubwa ama nivumilie hapa mpaka cheti kitoke? Na siku moyo ukilegea mwafanyaje?