Manispaa inunue mabasi yake na madereva walipwe mshahara? Wana Kigoma tujadili

Mwana wa Gungu (mleta mada):
Wadau, habari za jioni. Haisi za Ujiji–Mwanga–mjini zimepungua. Giza likiingia pale Mwanga sokoni unabaki na bajaji na boda tu. Wenye magari wanalalamika madereva hawakai, madereva nao wanasema hesabu ya kumpelekea bosi kila siku haipatikani. Kwa nini Manispaa ya Kigoma-Ujiji isiwe na mabasi yake, hata matano, dereva na konda wakawa na mkataba, mshahara wa mwezi na NSSF? Hapo tutapumzika pia na hawa makonda waliofeli darasa la saba, kazi kututukania mama zetu mlangoni.

MlangoWaHaisi:
Ya mabasi sina neno. Ila nani kafeli darasa la saba? Mimi nina cheti cha kidato cha nne na mlangoni nimesimama. Bosi anataka hesabu yake jioni, gari ijae isijae. Toa mafuta, toa ya mpiga debe, trafiki akiamua kukuandikia ni 30,000 kwa kosa moja. Kilichobaki ndicho mnagawana na suka, yaani dereva. Mkilaza hesabu siku mbili, ya tatu gari anapewa deiwaka, dereva wa kutwa. Halafu mtu amekaa Gungu ananipimia cheti!

Mama Wawili, Ujiji:
Pole mwanangu, lakini hicho cheti chako hakimfikishi binti yangu shule. Kila asubuhi konda anaziba mlango kwa mkono: "Mwanafunzi mmoja tu!" Wako sita kituoni. Mwenye adabu ndiye anayeachwa.

MlangoWaHaisi:
Shikamoo mama. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, walipopandisha nauli Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ikatoka 500 kwenda 600, mwanafunzi akabaki 200. Hiyo 400 analipa nani? Serikali imepanga bei, hela ya kufidia haijaleta. Bosi naye hesabu yake haipungui hata shilingi kwa sababu nimebeba watoto. Inatoka kwangu na kwa suka.

Mama Wawili, Ujiji:
Marahaba. Kwa hiyo mtoto wangu ndiye alipe ugomvi wako na bosi?

Mawese Halisi:
Mnazunguka tu. Mshahara wa umma ulishajaribiwa. DMT, kampuni ya mabasi ya Dar, ilitaifishwa, 1974 ikagawanywa: UDA ibebe watu wa Dar, KAMATA iende mikoani. Watu walikuwa na mishahara yao na nauli ikapangwa chini ili mnyonge apande. Ikafika vipuri hakuna, mabasi yako juu ya mawe, 1983 serikali yenyewe ikaruhusu magari ya watu binafsi. Na hayo mabasi matano yakiharibika gia, fungu la vipuri litapitishwa na kikao gani, cha robo ya tatu?

Kibirizi Mapema:
Mambo ya Dar hayo. Mali ya umma Kigoma inadumu. Meli yetu ya ziwani, MV Liemba, ni ya 1913.

Mawese Halisi:
Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza ndio wakaja kuiopoa. Nasi tuyazamishe mabasi kwanza?

Kibirizi Mapema:
😂😂 Nimekoma.

Mzalendo wa Mwandiga:
Baraza lilikuwa la ACT 2015 mpaka 2020. Mlinunua basi gani? Leo ndio mnajua mshahara wa dereva.

Kibirizi Mapema:
Tumeanza. Tangu 2020 ni CCM, nionyeshe hata toroli.

Mzalendo wa Mwandiga:
Barabara huzioni?

Kibirizi Mapema:
Barabara naziona, nazitembelea kwa miguu. Haisi hakuna.

Mwana wa Gungu:
Jamani, mada ni ajira ya madereva. Siasa zina uzi wake.

Mwalimu Pembeni:
Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Vijana wa haisi waunde kikundi, wakope Coaster, bosi atoke katikati.

MlangoWaHaisi:
Mwalimu, mkopo ule unarudishwa. Hesabu ya bosi inageuka hesabu ya Manispaa, na bosi angalau gari ikilala gereji unampigia simu anakuelewa. Afisa wa halmashauri atakuletea barua. Mkataba tulishaudai, mgomo wa 2014 ule nchi nzima ilisimama.

Mawese Halisi:
2015. Aprili, ukarudiwa Mei.

MlangoWaHaisi:
2015, sawa. Wewe ulikuwa umeajiriwa ofisini, tarehe unazo. Tuliahidiwa mikataba. Dereva gani wa haisi hapa mjini ana karatasi? Ajitokeze.

Mwalimu Pembeni:
Mikataba ipo, LATRA wanaidai kwenye leseni ya gari.

MlangoWaHaisi:
Ile inasainiwa, inapigwa picha, inarudi kwenye droo ya bosi. Muulize dereva kama anakumbuka mshahara ulioandikwa mle.

Mwana wa Gungu:
Si ndiyo nilichosema mimi? Manispaa iajiri.

MlangoWaHaisi:
Wewe ulisema tumefeli darasa la saba.

Mama Wawili, Ujiji:
Mwanangu wa mlangoni, umeongea vizuri nimekuelewa. Sasa Jumatatu binti yangu utambeba?

MlangoWaHaisi:
Mama, haisi niliacha. Niko na bajaji sasa, kituo Mwanga.

Mama Wawili, Ujiji:
Na mwanafunzi unamtoza ngapi?

MlangoWaHaisi:
Bajaji haina nauli ya mwanafunzi, mama. Analipa kama mtu mzima.