Linux ya kompyuta (mfumo endeshi, kama Windows), mngependa watengenezaji warekebishe wapi?

Wakuu, niko Arua, kalaptopu kangu ka ramu giga 4 kanatumia Linux mwaka wa pili sasa, kanakimbia vizuri tu, shida kakishika hotspoti ya simu kanaanza kupakua masasisho kimyakimya, asubuhi natafuta bando sioni. Si waulize kwanza jamani?

— Ssebo, kama unatumia GNOME (ule muonekano wa madirisha na menyu kwenye Linux) ingia mipangilio ya waifai, hiyo hotspoti iwekee alama kuwa data yake ina kikomo, masasisho ya kujiendesha yatatulia. Ila wameificha mno.

— Mi naomba stima ikikatika katikati ya sasisho, ikirudi mashine imalizie yenyewe. Juzi hapa Gulu nimebaki na skrini nyeusi, nikaandika amri ya kumalizia usakinishaji uliokatika, sudo dpkg --configure -a, ndo ikapona. Mamangu angejulia wapi hiyo?

— Haha, atakupigia wewe