Kama ulimwengu ni programu, kosa lake tungelijuaje?

Mkesha: Wakuu, naomba mnisaidie kufikiri. Najifunza kuandika programu, na hivi karibuni niliandika moja ya kuigiza sayari inayozunguka nyota. Kila hatua inapiga hesabu ya mvutano, inasogeza sayari kidogo, inarudia. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi nikakuta sayari imetangatanga mbali, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia. Kanuni ya Newton niliiandika sawasawa. Tatizo ni kwamba muda nilikuwa naukata vipande vikubwa, na kila kipande kiliongeza nishati kidogo isiyotoka popote.

Siku mbili baadaye nikasoma kwamba Mwezi unasogea mbali na Dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Mwili ulinisisimka. Tangu hapo hoja ya mwanafalsafa Nick Bostrom ya mwaka 2003 haitoki kichwani: ikiwa viumbe walioendelea sana wanaweza kuigiza mababu zao kwa kompyuta, na wanafanya hivyo mara nyingi, basi wenye fikra kama zetu wengi wamo ndani ya miigo hiyo. Siulizi kama ni kweli. Nauliza, aliye ndani angetofautishaje kosa la hesabu na sheria ya maumbile?

Fundi Saa: Mkuu, kwa Mwezi jibu lipo. Dunia inajizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo bahari iliyovimba kwa mvutano wa Mwezi hutangulizwa mbele yake kidogo na kuuvuta. Mwezi unachopata, Dunia inakipoteza: siku zetu zinarefuka kwa karibu milisekunde 2 kila karne. Na hizo sentimita si za kukisia. Leza hupigwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo 11 waliviacha huko mwaka 1969, na muda wa mwanga kwenda na kurudi hupimwa. Sayari yako ilipata bila yeyote kupoteza. Anza kutafuta hapo.

Bintinyota: Wapo waliolitafuta kosa lenyewe. Mwaka 2012 wanafizikia Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage walianzia kwenye kazi yao ya kila siku: kuigiza nguvu inayoshikilia viini vya atomu, ambapo nafasi hukatwa vipande kama wavu. Wakajiuliza, je, ulimwengu wote ungekuwa juu ya wavu wa namna hiyo? Jibu lao: miale ya kosmiki, yaani chembe ziendazo kasi sana kutoka anga za mbali, yenye nishati kubwa mno isingetoka pande zote sawa. Ingefuata mielekeo ya wavu.

Mkesha: Asanteni sana. Nimerekebisha: sasa kasi inabadilishwa kwanza, ndipo sayari isogezwe kwa kasi hiyo mpya. Nishati haiongezeki tena, inayumba kidogo na kurudi. Lakini duaradufu yenyewe, yaani umbo la njia ya sayari, inageuka polepole! Nikakumbuka sayari ya Zebaki. Mwaka 1859 mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alitangaza kwamba njia yake inageuka kupita hesabu ya Newton. Ziada hiyo ni sekunde 43 za pembe kwa karne (sekunde moja ya pembe ni sehemu ya 3,600 ya digrii), na Einstein akaieleza mwaka 1915. Wakazi wa programu yangu wangepima mgeuko wao, wangeuandikia sheria, na sheria ingewafaa. Mimi najua ni kosa kwa sababu nikikata muda nusu, mgeuko unapungua. Wao hawawezi kuukata.

Fundi Saa: Hawahitaji. Waongezee sayari nyingine tatu zenye mizunguko mifupi na mirefu. Ziada zao zote zitategemea kipande kimoja cha muda kisichojitokeza kwingine kokote katika fizikia yao. Einstein hakubuni namba mpya kwa ajili ya Zebaki. Alitumia kasi ya mwanga na mvutano, vitu vilivyokwisha kupimwa kwa njia nyingine kabisa.

Mkesha: Naziongeza usiku huu.