Fundi kaniambia nipunguze KITAMBI ndiyo Toyota IST yangu ikimbie!

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira mpaka simu inatetemeka.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule fundi wa "kufungua gari", yaani kuliongezea mbio, wa ovaroli jekundu ambalo halijaona maji tangu Mkapa yuko Ikulu.

Nimempa laki sita na nusu kwenye kigari changu cha injini ya 2NZ. Katoa masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi, kakata silensa, kaweka bomba ambalo mtoto anaweza kulala ndani. Ea klina iliyokuja na gari kaing'oa, kaweka ya koni. Akapiga resi pale pale gereji, kuku wa jirani wakaacha kutaga. "Bosi, hii sasa roketi."

Roketi! Jana napandisha daraja la Mfugale, mguu umegusa lami, mngurumo kama ndege inatua, NIKAPITWA NA BAJAJI. Ina abiria watatu na gunia la mkaa. Abiria mmoja akanipungia mkono.

Nikarudi kwake, taa ya injini inawaka. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, alipofika hapa katikati akasimama. "Bosi, gari haina tatizo. Punguza kitambi."

Mbele ya vijana wake! Mbele ya mama ntilie ambaye bado ananidai! Mama wa watu kacheka mpaka mwiko ukamdondoka.

Laki sita na nusu, halafu kitambi. Na chenyewe wala si kikubwa hivyo.

Gia Tano: Weka picha. Ya gari na ya kitambi.

Mzee wa Plagi: Pole mkuu, ila jamaa kapatia bila kujua. Cc 1,298, farasi 87, unategemea nini? Hiyo koni inavuta hewa ya moto chini ya boneti, hewa ya moto ni nyepesi, injini inapumua pungufu. Umenunua kelele. Kilo zako kumi zingetoka bure.

Mtoa mada: Kwa hiyo na wewe kitambi???

Chuma Chakavu: Nyie mnacheka kitambi, masega yako wapi? Mle ndani mna platinamu na paladiamu, watu wanauza. Taa inawaka kwa sababu sensa ya nyuma inaona sega halipo.

Mtoa mada: Kasema ametupa.

Chuma Chakavu: 😂😂😂

Dada wa Tandika: Samahani kaka, bajaji ilikuwa ya bluu? Mimi ndiye niliyepunga. Nilidhani gari limekufa, nikawa nakupa pole.

Glanza Damu: Acheni mateso, tafuteni Toyota Starlet Glanza V. Cc 1,331, turbo kutoka kiwandani, farasi 135.

Gia Tano: Starlet iliacha kutengenezwa 1999. Utakayopata imebaki kutu na stika.

Glanza Damu: Yangu haina kutu, ni rangi ya asili.

Wa Nairobi: Afadhali nyinyi. Huku jirani ana Subaru ya ekzosi iliyokatwa, anaiwasha saa kumi na moja alfajiri kila siku. Mtoto wangu siku hizi analia kwa mlio wa hiyo injini ya EJ20.

Dada wa Tandika: Kwetu ni bodaboda. Heri Subaru.

Kijana wa 1NZ: Wakuu, mimi yangu ni ya injini ya 1NZ, nataka kufunga turbo. Inakubali?

Mzee wa Plagi: Compresheni (mgandamizo ndani ya injini) tayari ni 10.5 kwa 1, rodi za pistoni kama vijiti vya mishikaki. Usipoanza na kuseti kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, itagonga mpaka rodi itoke kuchungulia nje. Fundi wako nani?

Kijana wa 1NZ: Yupo mmoja wa ovaroli jekundu, ana lugha nzuri sana.

Mtoa mada: USIENDE!!!

Kijana wa 1NZ: Nimeshatoa advansi mkuu. Kasema mwili wangu hauna shida.

Gia Tano: Mwenye rimu za inchi 15 anicheki pembeni.